Mfungo wa Kuku Wangu

Sifa zote ni za Mungu, ambaye hakuniita siku ile nilipostahili kuitwa, akaniachia muda wa kukaa kitako na kukumbuka. Namshukuru kwa magoti yanayouma, kwa sababu yananikalisha. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanaona herufi kubwa. Namshukuru hata kwa aibu. Nilipokuwa kijana nilidhani aibu ni adhabu tu. Sasa najua ni mwalimu asiyeinua sauti, na asiyempa mwanafunzi likizo. Baada ya kumshukuru, nisimulie.

Nina ploti Kawangware, aliyoniachia marehemu mume wangu. Ni vyumba kumi na viwili vya mabati vinavyotazamana, uwanja katikati, bomba moja la maji, choo mwisho. Nyuma ya chumba changu kuna kipande cha ardhi kisichotosha hata vitanda vitatu. Hapo nilifuga mitetea kumi na wanne, kienyeji wale walioboreshwa, wekundu, wazito, wenye vilemba vya kichwani vilivyojaa damu. Asubuhi njema niliokota mayai kumi, hata kumi na mawili.

Kanisani kwetu kuna desturi. Mtu akikosa cha kutoa mfukoni siku ya Jumapili, huleta alichonacho nyumbani: mkungu wa ndizi, sukuma wiki, jogoo aliyefungwa miguu, mayai. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa mlangoni, na watu hushindana kuvinunua kwa kuwa vimekwisha kuwa vya Bwana. Mimi sikukosa cha kutoa mfukoni, lakini nilipenda kuleta mayai. Nilipenda kutembea katikati ya viti nikiwa nimeshika trei kwa mikono miwili. Nilipenda mnadi anapoinua trei ile juu na kusema, "Haya ni ya mama yetu, mnayajua, kiini chake ni cha rangi ya machungwa." Niliita jambo hilo shukrani. Shukrani ilikuwamo, sikatai, kama chumvi ilivyomo ndani ya mchuzi. Kilichojaza sufuria ni kitu kingine.

Aliyewatunza kuku hao hakuwa mimi. Alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha nne, mwanamke kutoka upande wa ziwa, aliyefiwa na mume kabla hajafika miaka thelathini na mitano. Alikuwa na binti mmoja wa darasa la pili. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye meza aliyoiweka kando ya lango langu, na wateja wake walikuwa watu wa mtaa huo huo, waliomjua na kumwita kwa jina la mtoto wake. Magoti yangu yalipovimba mara ya kwanza nilimwomba anisaidie kuwatekea kuku maji kwa wiki moja. Wiki iliisha, naye hakuacha. Kila asubuhi kabla ya kupanga omena wake alifagia banda, akateka maji, akachanganya pumba na unga wa omena uliobaki chini ya gunia. Sikumwambia ahsante kwa namna ambayo mtu husikia. Nilizoea, basi.

Mwanzoni mwa mwaka mmoja, miaka michache iliyopita, kanisa lilitangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Tulitakiwa kukaa bila chakula wala maji kutoka asubuhi hadi jua litue. Mimi nimefundisha watoto katika shule ya Jumapili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na wiki ile somo nililolifundisha lilikuwa Ninawi, mji ule ulioonywa kwamba utaangamia. Watoto wanaipenda hadithi hiyo kwa sababu ya wanyama. Mfalme aliamuru kila chenye pumzi kifunge, watu na mifugo yao, na mji ukapona. Nilirudi nyumbani nikiwa na wazo ambalo niliona limetoka mbinguni. Kwamba nyumba yangu yote ifunge. Kwamba hata kuku wafunge.

Asubuhi ya siku ya kwanza mpangaji wangu alikuja na ndoo.

"Mama, chombo cha maji cha kuku sikioni. Umekiosha?"

"Nimekiondoa. Usiteke. Wanafunga."

Alicheka, akidhani namtania. "Wanafunga nini, Mama?"

"Wanafunga na sisi. Ninawi hata wanyama walifunga."

"Lakini kuku amekosea nani?"

"Nyumba ikifunga, inafunga yote."

Aliiweka ndoo chini. Alikuwa Mkristo kama mimi, wa kanisa dogo la ngoma na mavazi meupe, na nadhani alitafuta neno katika imani yake la kunijibu. "Sawa, Mama," akasema. "Ni kuku zako."

Ilikuwa Januari, na wenye kukaa chini ya mabati wanajua Januari ya Nairobi. Kufika saa nane mchana banda lilikuwa kama tanuri. Siku ya kwanza kuku walilalamika. Siku ya pili walinyamaza, wakakaa midomo wazi, mabawa yametanuliwa mbali na ubavu, ulimi mdogo ukipanda na kushuka. Mtu akianika nguo, walikimbilia upande ule na kudonoa matone ya maji ya sabuni yaliyodondoka karibu na waya. Nilikaa kwenye kigoda changu kivulini nikiimba nyimbo za toba, na nilipowaona hivyo, nilijiambia kwamba wananyenyekea. Jioni, jua lilipotua, nilifungua mfungo wangu kwa kikombe cha uji wa wimbi. Kuku sikuwafungulia. Nilijiambia kwamba wamekwisha kupanda kwenye kijiti chao kulala, na kwamba anayelala hana kiu.

Siku ya tatu nilimkuta mpangaji wangu amechuchumaa bandani, sufuria ya maji mbele yake, na kuku watano au sita wamezamisha midomo.

"Unafanya nini?"

Hakushtuka. "Nimewapea maji kidogo tu, Mama. Mmoja amekufa."

Kweli, mmoja alikuwa amelala ubavu karibu na ukuta, miguu imenyooka. Nilichukua sufuria ile. Nilitoka nayo nje ya banda, nikaimwaga kwenye mtaro polepole, na kuku walikimbia kufuata sauti ya maji, wakapenyeza shingo kwenye waya mpaka manyoya ya shingo yakang'oka. Waliyaona maji yakipita mbele yao hadi yakaisha.

"Umevunja mfungo wa nyumba yangu," nikamwambia.

"Nisamehe, Mama."

"Usiniombe mimi."

Kuku aliyekufa nilisema azikwe, asiliwe, kwa kuwa alikufa katika ibada. Ndivyo nilivyosema. Mwanamke yule alimchimbia shimo nyuma ya choo bila kunitazama.

Mfungo ukaisha. Nilirudisha chakula na maji, nikangoja baraka. Siku zilizofuata niliokota mayai matatu, kisha moja, lenye ganda laini kama ngozi, kisha hakuna. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Manyoya yakaanza kuanguka. Banda likajaa manyoya mekundu kana kwamba mto umepasuliwa, na kuku wakabaki na shingo tupu na migongo yenye vipele, vilemba vyao vimesinyaa na kupauka. Hata wakitembea walitembea kama wagonjwa waliotoka hospitali kabla ya siku zao.

Msomaji atajiuliza kwa nini sikuona. Swali hilo nimejiuliza kwa miaka, na jibu si zuri. Niliona. Lakini kati ya mfungo na viota vitupu palikuwa na ukuta moyoni mwangu, na ukuta huo nilikuwa nimeujenga kwa Maandiko. Ibada haiwezi kuleta hasara. Kwa hiyo hasara imeletwa na mtu.

Jumapili ya kwanza nilipoingia kanisani mikono mitupu, mnadi alinipigia kelele mbele ya wote, "Mama yetu, kuku wameenda wapi? Wameokoka, wameacha mambo ya dunia?" Watu wakacheka. Jumapili ya pili, mwanamke wa rika langu, tuliyeimba naye kwaya miaka mingi, aliniinamia sikioni, lakini kwa sauti iliyofika viti vitatu nyuma: "Labda wamekoma, kama mimi na wewe." Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikuwa nikicheka.

Ndipo nikamkumbuka yule mtu wa kale aliyeficha kambini vitu vilivyokatazwa, chini ya hema lake, na taifa zima likapigwa vitani kwa ajili yake. Nani nyumbani mwangu alivunja agizo? Nani aliyeingia bandani kila asubuhi kabla sijaamka? Nilipoyaweka maswali hayo mawili pamoja nilihisi amani, na amani hiyo nikadhani ni ya Roho Mtakatifu.

Nilichagua Jumamosi, saa tano, wanawake wote wakiwa uwanjani wanafua. Nilitaka wawepo. Nilimwita kutoka mezani pake, akaja akijipangusa magamba mikononi.

"Mayai yangu yanakwenda wapi?"

"Mama, kuku hazitagi. Unaona vile zimenyonyoka."

"Kuku kumi na watatu wote wasitage hata yai moja? Mimi nimefuga kuku kabla wewe hujazaliwa."

"Ni ile kiu, Mama."

Alilisema polepole, kwa heshima, na mbele ya watu. Lau angenitukana ningemsamehe upesi zaidi. Niliagiza wanawake wawili waingie chumbani kwake watafute. Walikuwa marafiki zake. Waliingia.

Walitoka na mkebe wa mafuta ya kupikia, na ndani ya mkebe kulikuwa na maganda ya mayai. Maganda mengi, mengine mazima, mengine yamepondwa kuwa unga, na yote yamekaushwa motoni mpaka yamepata madoa ya kahawia.

Uwanja ulilipuka.

"Ngai! Kumbe ni mayai kila siku!"

"Ndiyo maana anang'aa hivyo."

"Sisi tunakula sukuma, mwenzetu anakula hoteli!"

"Si yangu," akasema. "Nayaokota kwa yule muuzaji wa mayai ya kuchemsha, pale steji ya matatu. Nayachoma, nayatwanga, nawachanganyia kuku. Ganda linakuwa ngumu. Nyanyangu alikuwa anafanya hivyo."

"Kuku ale mayai yake mwenyewe?" mmoja akauliza, na wote wakapasuka kicheko tena. "Hata kuku wenyewe ni wachawi basi!"

Nilinyanyua mkono wakanyamaza. Nilikuwa nimezoea kunyamazisha watoto arobaini kwa mkono huo. Nikaleta Kitabu changu Kitakatifu, kile chenye jalada la ngozi, nikakinyoosha mbele yake. "Weka mkono hapa, uape."

Alikitazama. Machozi yalikuwa yameanza lakini sauti haikutetemeka. "Siwezi kushika Neno la Mungu kwa sababu ya yai, Mama. Hicho si kitu cha mayai."

Leo najua kwamba uwanjani pale, siku ile, mtu mmoja tu ndiye aliyekiheshimu Kitabu kile. Lakini wakati ule niligeuka kwa wanawake na kusema, "Mmemsikia. Ameogopa."

Nilimpa hadi jioni. Binti yake alirudi kutoka kucheza akakuta godoro liko nje, limeegemezwa ukutani. Mkokoteni ulipotoka langoni, vijana waliokaa nje ya kinyozi walipiga mbinja: "Mwizi wa mayai! Mwizi wa mayai!" Mahali petu neno "mwizi" halirushwi ovyo. Watu wamechomwa kwa neno hilo kabla mtu hajauliza wameiba nini. Aliyekuwa akisukuma mkokoteni aliongeza mwendo. Mwanamke yule alimshika mtoto mkono, akaanza kukimbia kidogo kidogo, si mbio za kutoroka, mbio za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Nilisimama langoni. Neno langu moja lingewanyamazisha vijana wale. Nilirudi ndani nikasoma zaburi.

Meza yake ilibaki. Baada ya siku chache wanawake waliichanja kuni.

Mayai hayakurudi. Nilipaka viota mafuta ya upako. Kikundi cha akina mama kilikuja kuomba, kikazunguka banda mara saba. Hakuna kitu. Nikachinja wawili ili nitazame ndani, na mahali ambapo mtetea mzima ana viini vilivyopangana kikubwa kwa kidogo, nilikuta vipunje kama mtama. Nyama yao ilikuwa kavu. Niliila.

Mwishowe nilijikokota hadi duka la dawa za mifugo, agroveti iliyo karibu na soko. Aliyekuwa akihudumu ni msichana wa koti jeupe, kalamu sikioni, na wateja wanne walikuwa wakingoja.

"Shosho, sasa? Kuku wanasumbua?" akasema, akiniita nyanya kwa lugha ya mtaani.

"Hawatagi. Karibu wiki sita."

"Wana umri gani?"

"Mwaka na nusu."

"Hapo si uzee. Kuna anayeatamia? Kuna panya, mbwa anawatisha? Umewaangalia utitiri chini ya mabawa?"

"Hapana. Manyoya yameanguka, lakini sasa yanaota mapya."

"Wote pamoja?"

"Wote."

Akaiondoa kalamu sikioni. "Wote pamoja si kawaida. Kuku akipata mshtuko mkubwa mwili unafunga kazi ya mayai, unabadilisha manyoya kwanza. Ulibadilisha chakula? Walikosa maji?"

Nilitazama mifuko ya chakula iliyopangwa ukutani.

"Shosho, kuku akikosa maji siku moja tu, mayai unayaona yamepungua. Walikosa?"

"Siku tatu," nikasema.

"Tatu! Maji yalipotea mtaani?"

Mimi si mtu wa kusema uongo. Nasema hivyo nikijua nilivyosema kuhusu mwanamke yule, lakini wakati ule niliamini nilichosema. Kwa hiyo nikamwambia kweli. "Tulikuwa tumefunga na kuomba. Niliwafungisha nao."

Mwanamume aliyekuwa na mfuko wa chokaa begani akaanza kucheka, na duka zima likafuata. Walicheka mpaka yule msichana akashika kaunta. "Shosho, uliwaambia waombee nini? Mwewe?" Mwingine akasema, "Sasa watakuwa wamenena kwa lugha!" Nilingoja wamalize. Nina subira, Mungu amenipa.

Msichana alijifuta macho, akawa mwema tena. "Hawajaharibika. Wape wiki chache, maji masafi, chakula kizuri. Ukipata vumbi la omena, wape. Na maganda ya mayai, choma, twanga, changanya, hiyo ni dawa kuliko hii ninayokuuzia. Kuna mtu alikuwa anakufanyia hivyo?"

"Alikuwepo," nikasema.

Sikulala vizuri siku nyingi. Kanisa limenifundisha kwamba dhambi iliyofanywa mbele ya watu huungamwa mbele ya watu, na nililishika fundisho hilo kwa nguvu zangu zote, kama nilivyoshika lile la Ninawi. Niliuliza, nikaambiwa mpangaji wangu anauza omena Kibera, sehemu ya Kisumu Ndogo. Siku ya Jumanne nilivaa gauni la kikundi cha akina mama, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda. Niliteremka upande wa Ayany, nikauliza njia mara tatu, nikapita kati ya vibanda vya samaki mpaka nikamwona.

Alikuwa na karai moja tu la omena juu ya gunia chini. Kule kwangu alikuwa na meza na marundo ya aina tatu. Alikuwa amekonda. Kushoto na kulia kwake walikaa wauzaji wenzake, wanawake watano au sita, wakipiga soga kwa lugha yao, naye alikuwa akicheka jambo fulani. Aliponiona kicheko kilikatika kama taa.

"Mama," akasema, akainuka nusu.

Kama ningenyamaza hapo, kama ningekaa kwenye gunia lile na kumshika mkono, labda simulizi hii ingekuwa nyingine. Lakini nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilisimama wima, nikainua sauti, ile ya kufundishia:

"Nimekuja kusema mbele ya watu wote. Huyu mama si mwizi! Mimi ndiye niliyemwita mwizi wa mayai, nikamfukuza nyumbani kwangu, na nilikosea. Hakuiba. Namwomba msamaha mbele ya Mungu na mbele yenu."

Nilitazamia machozi. Nilitazamia, Mungu anisamehe, kwamba mtu atasema amina.

Mmoja wa wanawake wale, mnene, mwenye kisu cha samaki mkononi, akamgeukia. "Kwani uliiba mayai?"

"Sikuiba."

"Na mbona wakakufukuza? Sisi ulituambia ni nyumba ilivuja."

"Amesema hakuiba," mwingine akaingilia.

"Nimesikia. Lakini mtu hafukuzwi bure. Lisemwalo lipo." Yule mnene akavuta kikopo chake cha kupimia, kilichokuwa karibu na karai la jirani yake, akakiweka upande wa pili. Alifanya hivyo bila hasira, kama mtu anayesogeza mguu mvua ikianza. Wote tulikiona kikopo kikihama.

Mpangaji wangu alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. Hakupaza sauti.

"Hapa hakuna mtu alikuwa anajua," akasema. "Hata mmoja."

"Nilitaka kukusafisha."

"Kule ndiko uliniita. Ungesema kule. Watu wako wako kule." Alinitazama gauni, kitambaa, viatu vya kanisani. "Umeona aibu kule, ukabeba ukaja kunimwagia hapa."

Nilianza kumtajia mstari wa Maandiko, akanikatiza.

"Umetembea njia yote hii, Mama, kuja kuniharibia hata hapa. Enda tu. Tafadhali enda."

"Nisamehe basi."

"Mungu akusamehe. Mimi nina omena ya kuuza."

Alirudi kwenye gunia lake, akakaa, akaanza kuchambua omena mmoja mmoja, kazi isiyokuwa na haraka wala maana, huku wenzake wakimtazama mikono.

Aliniambia ukweli mzima. Nilikuwa nimechagua kuungama mahali ambapo hakuna anayenijua. Kawangware, ambako jina langu lina uzito, nilikuwa nimekaa wiki nzima na ukweli ule bila kuuambia hata jirani wa mlango wa pili.

Jumapili iliyofuata nilisimama wakati wa ushuhuda. Nilisema yote: mfungo, sufuria niliyoimwaga, mkebe wa maganda, vijana wa kinyozi, Kisumu Ndogo. Sikuficha. Nilitaka wanidharau. Nilipomaliza, kanisa zima lilipiga makofi. Mchungaji aliniwekea mkono begani, akasema ni nadra siku hizi kumwona mzee akijishusha hivi, na watu wajifunze kwangu. Akina mama walinikumbatia mlangoni. Yule wa rika langu alilia. Wale wawili waliofanya upekuzi, ambao nao husali kwetu, walinishika mikono, wakasema wamebarikiwa. Heshima yangu ilipanda siku ile kuliko siku zote nilizobeba mayai. Hakuna aliyeuliza yule mwanamke anaishije, wala anauza wapi. Wiki ile nilimwomba mchungaji aende na mtu mwingine, wamwambie mwanamke yule kwamba jina lake limesafishwa. Walikwenda. Hawakumkuta. Wenzake walisema alihama wiki ile ile niliyofika, na hakusema anakwenda wapi. Yule mnene aliwaambia, "Aliyeiba mayai? Alienda."

Mpaka leo sijui aliko. Sijaandika jina lake hapa, wala jina la mtoto ambalo watu walimwita nalo, wala langu. Kama anaishi mahali ambapo hajulikani, sitaki karatasi hii imfikishe jirani yake. Namwombea kila asubuhi, kimya, bila mtu kusikia. Huo ndio msaada wangu pekee ambao haujamdhuru bado.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe maji yako na asiruhusu mkono wowote uyamwage. Akulinde na wanaokutendea mabaya, na zaidi akulinde na sisi tunaokutendea mabaya tukiwa tumepiga magoti. Akusimamishie hata mtu mmoja tu langoni siku utakapopigiwa mbinja, naye aseme neno. Na jina lako, popote ulipolipeleka, likae salama. Amina.